Daktari Denis Burkitt na Ramani ya Ugonjwa wa Watoto



Yako magonjwa ambayo watu wakiyataja hushusha sauti. Kansa, au saratani kama tunavyosikia redioni, ni mojawapo. Wengine huidhania kuwa ni laana, wengine husema mtu amerogwa, na wengine huona kwamba ikishaingia nyumbani hakuna la kufanya ila kungoja. Kwa sababu hiyo nimeona vema mara hii tusome maisha ya mtu mmoja aliyeifuata kansa kwa utulivu, wilaya kwa wilaya, akiuliza swali ambalo hata mtoto wa shule angeweza kuliuliza: ugonjwa huu unapatikana wapi, na wapi haupatikani? Mtu huyo ni Daktari Denis Parsons Burkitt. Kazi yake kubwa aliifanya hapa Afrika ya Mashariki, na sisi tunaoishi katika milima ya Usambara tunaweza kuielewa upesi kuliko wengi, kama tutakavyoona.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini ya Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya, mwenye kushughulikia barabara na madaraja. Baada ya kazi alipenda kuchunguza ndege. Aliwavisha ndege wadogo wa bustanini pete miguuni apate kuwatambua mmoja mmoja, kisha akachora ramani ya kuonyesha kila ndege anakaa upande gani. Denis alikua akiiona kazi hiyo ya baba yake, wala haikupotea bure, maana mtoto naye alikuja kuwa mchora ramani, ijapokuwa si ya ndege.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipatwa na ajali. Watoto walikuwa wakirushiana mawe, jiwe moja likampiga usoni, likavunja miwani yake, na jicho lake la kulia likaharibika hata ikabidi litolewe. Tangu siku ile aliona kwa jicho moja maisha yake yote.

Mwaka 1929 aliingia Trinity College, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Huko alijiunga na kikundi kidogo cha wanafunzi waliokutana kusoma Biblia na kuomba pamoja, na imani aliyokuwa ameirithi nyumbani ikawa yake mwenyewe. Katika siku hizo aliona kuwa anaitwa kuwa daktari, basi akaacha uhandisi akaanza masomo ya uganga. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata cheo cha daktari mpasuaji huko Edinburgh. Akaomba kazi ya serikali ya kikoloni Afrika ya Magharibi, akakataliwa kwa sababu ya jicho lake moja.

Hakukata tamaa. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikiendelea aliingia jeshini mwaka 1941 kama daktari, na jeshi likampeleka Kenya, Somalia na Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, muuguzi, na Mungu akawajalia binti watatu. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mara hii akapokewa. Mwaka 1946 alifika Uganda, akapangiwa hospitali ya Lira katika nchi ya Lango.

Huko Lira ndiko tabia yake ya kuuliza wapi ilipoanza kuonekana. Wanaume wengi walikuja kupasuliwa mabusha. Daktari mwingine angewapasua, akawaandika katika kitabu, basi. Burkitt aliwauliza pia wametoka upande gani wa wilaya. Akagundua kuwa upande wa mashariki mabusha yalikuwa mengi mno, na upande wa magharibi yalikuwa machache sana, ingawa watu walikuwa wa kabila moja na wa maisha ya namna moja. Leo twajua kwamba mabusha na matende huletwa na minyoo midogo inayochukuliwa na mbu, na mbu hao hawajai kila mahali sawasawa. Burkitt alijifunza kwamba ramani inaweza kumwambia daktari jambo ambalo kisu hakiwezi kumwambia.

Mwaka 1948 alihamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 Dk. Hugh Trowell, daktari maarufu kwa uchunguzi wake wa kwashakoo, ambaye baadaye alirudi Uingereza akawa padre wa Kanisa la Kianglikana, alimwita aje kumtazama mtoto wa kiume mwenye umri wa kama miaka 5. Mtoto huyo alikuwa na uvimbe katika taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na uso umeharibika. Burkitt hakupata kuona jambo kama lile. Jipu halitokei pande nne kwa mara moja, na kansa aliyoijua haikuwa na desturi ile.

Baada ya muda mfupi alikwenda kutembelea hospitali ya Jinja. Alipotazama nje dirishani alimwona mtoto wa kike ameketi na mama yake, uso umevimba vile vile. Akatoka kwenda kumpima, akakuta pia uvimbe tumboni. Sasa akawa hana raha. Mtoto mmoja ni ajabu, bali watoto wawili ni jambo la kuchunguzwa. Alirudi Mulago akaanza kupekua mafaili ya watoto waliokufa kwa kansa. Akaona kuwa uvimbe wa taya, wa tumbo, wa figo na wa mahali pengine, ambao madaktari walikuwa wameupa majina mbalimbali, mara nyingi ulikuwa ndani ya mtoto yule yule mmoja. Kumbe huenda ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika habari hizo katika gazeti la wapasuaji la Uingereza. Mmarekani mmoja aliyekuwa akifanya kazi Kampala, Dk. Gregory O'Conor, alipochunguza vipande vya uvimbe kwa darubini, alionyesha kwamba ni kansa ya seli nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kuulinda mwili.

Inafaa tukumbuke hapa kwamba ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Dk. Albert Cook, mmisionari wa CMS aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa na desturi ya kuandika habari za wagonjwa wake kwa uangalifu. Maandishi yake yalipochunguzwa miaka mingi baadaye, watoto wa namna hiyo walionekana humo. Hii ni faida ya mtu kuandika vizuri kazi yake ya kila siku, hata kama hajui nani ataisoma.

Sasa Burkitt alitaka ramani. Alipiga chapa karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazipeleka kwa posta katika hospitali za serikali na za misioni sehemu nyingi za Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona watoto kama hao. Majibu yalipokuja aliyaweka kwenye ramani. Pakatokea kama mkanda uliopita katikati ya Afrika kutoka magharibi hadi mashariki, na mkia ulioshuka upande wa mashariki kuelekea kusini. Ndani ya mkanda watoto wagonjwa walikuwa wengi. Nje yake walikuwa haba, au hawakuwapo kabisa.

Akataka kuuona mpaka huo kwa macho yake. Mwezi Oktoba 1961 alianza safari pamoja na rafiki zake wawili, madaktari wamisionari: Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, Uganda, na Clifford Nelson kutoka Kanada. Walisafiri kwa gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa muda wa majuma 10 walikwenda maili 10,000, yaani kilometa 16,000 hivi, kutoka Uganda hadi Afrika ya Kusini na kurudi. Waliingia katika hospitali zaidi ya 50, wakiwaonyesha madaktari na wauguzi picha na kuwauliza. Walipita Tanganyika pia, na safari yao ilikuwa ikikaribia kwisha wakati nchi yetu ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Jibu walilolipata ni hili. Karibu na ikweta ugonjwa haukuonekana katika nchi za juu kupita futi 5,000 hivi, ndizo meta 1,500. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulizidi kushuka. Mchunguzi mmoja wa Entebbe, Alexander Haddow, aliyejua sana mambo ya mbu, alipoitazama ramani alisema jambo si kimo cha nchi, bali ni baridi. Tena ilionekana kuwa mahali pakavu mno ugonjwa haukuwapo. Palihitajika joto na mvua pamoja.

Hapo ndipo watu wa Lushoto tunapoelewa bila kuchorewa ubaoni. Anayepanda kutoka Mombo kuja Lushoto huiacha nchi ya joto chini, akazunguka kona za barabara, na akifika juu huvaa sweta. Mji wetu uko kwenye kimo cha meta 1,400 hivi, na vijiji vingi viko juu zaidi. Wazee wetu walijua tangu zamani kuwa mtu akishuka bondeni na kulala huko hurudi na homa. Mbu wa malaria hupenda joto, na vijidudu vya malaria ndani ya mbu huchelewa kukomaa penye baridi. Burkitt alikuta kwamba ramani ya uvimbe wa watoto na ramani ya malaria kali ya mwaka mzima zilikaribia kuwa ramani moja. Hata visiwa vya Unguja na Pemba, vyenye joto na mvua, vilikuwa na ugonjwa huu kwa uchache sana, na huko kazi kubwa ya kupiga vita malaria ilikuwa imekwisha kufanyika.

Lakini malaria peke yake si kansa. Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari ile ndefu, Burkitt alitoa hotuba katika hospitali moja ya London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo mtaalamu kijana, Anthony Epstein, aliyesisimka mno. Wakapatana kwamba Burkitt atakuwa akimpelekea vipande vya uvimbe kwa ndege. Kwa muda mrefu Epstein hakuona kitu. Mwishoni mwa 1963 ndege iliyobeba chupa kutoka Kampala ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Chupa ilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka kana kwamba yameoza. Walipoyatazama wakakuta ni seli za uvimbe zilizo hai zinazoelea. Seli hizo zikakubali kukua, na mwaka 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakatangaza kwamba wameona virusi ndani yake. Ndivyo viitwavyo virusi vya Epstein-Barr, na ndivyo virusi vya kwanza kujulikana kuwa na sehemu katika kansa ya binadamu.

Labda msomaji atauliza: je, kansa huambukizwa? Hapana, si kama mafua. Virusi hivi vimo katika miili ya watu wazima karibu wote duniani, na wengi hawapati kansa kamwe. Wataalamu wameonyesha kuwa kansa huja kwa hatua. Kwanza, virusi huingia katika zile seli nyeupe zinazoulinda mwili. Pili, mtoto akiugua malaria mara kwa mara, seli hizo huchochewa zizaliane upesi mno. Tatu, katika kuzaliana kwa haraka, siku moja kosa hutokea: nyuzi za urithi ndani ya seli hukatika na kuungwa vibaya, na ile sehemu inayoiamuru seli kugawanyika hubaki imewashwa. Ni kama lango la mfereji lililokwama wazi usiku, maji yakaingia shambani bila kukoma mpaka matuta yote yakabomoka. Uvimbe huu hukua upesi kuliko karibu kansa zote za binadamu. Huweza kuongezeka mara mbili kwa siku chache tu.

Na kwa kuwa kansa huja kwa hatua, yawezekana kuizuia kwa kuondoa hatua moja. Jambo hili lilijaribiwa hapa kwetu Tanzania, huko Mara ya Kaskazini. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto walipewa dawa ya klorokwini ili kupunguza malaria, na wagonjwa wa uvimbe huu wakahesabiwa. Idadi yao ilipungua, lakini wachunguzi walikiri kwamba ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya dawa, kwa hiyo hawakuweza kusema yote ni kazi ya dawa. Uchunguzi wa kweli hauongezi chumvi. Hata hivyo, kila ushahidi uliokuja baadaye umezidi kuelekeza kidole kwa malaria.

Kuhusu matibabu, Burkitt mwanzoni alijaribu kisu, akaona hakifai, maana uvimbe ulirudi. Uganda haikuwa na mashine ya mionzi. Akaanza kutumia dawa mpya za kansa kutoka Marekani, kwa vipimo vidogo. Watoto ambao nyuso zao zilikuwa zimefunikwa na uvimbe walionekana wakipungua siku hadi siku, na wengine wao walipona kabisa. Wakati ule madaktari wengi duniani hawakuamini kuwa kansa inaweza kuponywa kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 kituo cha matibabu hayo kilifunguliwa Mulago, ambacho ndicho mwanzo wa Taasisi ya Kansa ya Uganda. Leo, mtoto akiwahi hospitali na kumaliza dawa zote, ana tumaini kubwa la kupona. Shida yetu ni kuchelewa na kukatisha matibabu.

Mwaka 1966 Burkitt alirudi Uingereza, lakini hakuacha kuuliza swali lake. Alikumbuka kuwa katika miaka yote ya kupasua watu Uganda alikuwa ameona kansa ya utumbo mpana kwa nadra sana, hali Uingereza ilikuwa imejaa mahospitalini. Aliandikiana na hospitali nyingi za misioni katika Afrika na kukusanya hesabu zao. Akasema sababu moja ni chakula: watu wa vijijini walikula nafaka zisizokobolewa, maharage, viazi na mboga, vyakula vyenye nyuzinyuzi, ambavyo hupita tumboni upesi, watu wa Ulaya walikula mkate mweupe na sukari. Mwaka 1979 alitoa kitabu juu ya jambo hilo kilichosomwa na watu wengi. Wataalamu walibishana naye miaka mingi, na si kila alilodai limethibitika. Lakini leo imekubaliwa kwamba nafaka isiyokobolewa na vyakula vyenye nyuzinyuzi hupunguza hatari ya kansa ya utumbo mpana, nao unene wa kupita kiasi, pombe, tumbaku na nyama za viwandani huiongeza. Kwa hiyo mama anayepika makande, au anayesaga dona badala ya kukoboa sembe, asione haya mbele ya wageni.

Burkitt alipewa heshima nyingi, hata akachaguliwa mwaka 1972 kuwa mwanachama wa Royal Society ya Uingereza. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Mbegu aliyoipanda imeendelea kuzaa. Mjerumani mmoja, Harald zur Hausen, aliyekuwa ameanza kwa kuchunguza virusi katika uvimbe wa Burkitt, aligeukia kansa ya mlango wa kizazi, na mwaka 1983 akatangaza virusi vinavyoileta, vya jamii ya HPV. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kutokana na kazi hiyo imepatikana chanjo, ambayo Tanzania imekuwa ikiitoa kwa wasichana tangu mwaka 2018. Na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Basi mnyororo ni mmoja, kutoka kitanda cha mtoto wa Mulago hadi binti zetu wanaochanjwa shuleni.

Nimalize na mambo ya kufanya. Mtoto akivimba taya au tumbo, au meno yake yakilegea kabla ya wakati, asipelekwe kung'olewa jino tu, wala asizungushwe kwa waganga. Apelekwe hospitali juma hilo hilo, aandikiwe rufani ya Bombo, KCMC au Ocean Road ikibidi. Watoto walale ndani ya chandarua hata huku juu, maana malaria hupanda mlima pia. Wasichana wapewe chanjo, na mama zao waende kupimwa mlango wa kizazi kabla ya kuona dalili yoyote, kwa sababu mabadiliko ya mwanzo hayaumi na hutibika. Na mzazi ambaye ameambiwa na jirani kwamba chanjo hiyo itamfanya binti yake asizae, ajue kuwa habari hiyo si ya kweli, aende akamwulize mganga wa zahanati.

Daktari Burkitt alinyimwa kazi kwa sababu ya jicho moja. Sisi tulio na macho mawili tutazame vizuri watoto wanaoketi karibu nasi, nyumbani, shuleni na kanisani.